Neno "chanua" lina kazi zaidi ya kupendeza

Wiki tatu zilizopita nililetewa kijitabu nikihariri. Kilikuwa cha mradi wa vijana, kurasa 12, picha nzuri, karatasi inayong'aa, na ndani yake neno "chanua" lilitokea mara 19. Nilizihesabu. Chanua na ndoto zako. Biashara yako ichanue. Kijana, huu ni wakati wako wa kuchanua. Nilipofika ukurasa wa saba nikaona sielewi tena neno lenyewe linasema nini, nikampigia simu aliyenipa kazi nikamwuliza: hapa mnamtaka kijana afanye nini hasa? Akanijibu kwa upole kabisa, "Afanikiwe tu, dada. Ang'ae."

Nilirekebisha nilichoweza, nikarudisha kazi, nikalipwa. Lakini neno limenikaa rohoni tangu siku ile, kwa sababu mimi "chanua" sikuijua kwanza kwa maua. Niliijua kwa utosi.

Bibi yangu mzaa mama, wa Wete kule Pemba, alikuwa na chanuo la mti lenye meno mapana, limekuwa jeusi kwa mafuta ya nazi ya miaka mingi. Alasiri akishasali aliketi uani, ananiweka kati ya magoti yake, anafumua mabutu ya juma zima. Hakusema "njoo nikuchane". Alisema "njoo nikuchanue". Tofauti niliisikia kichwani kabla sijaweza kuieleza. Anayechana hupitisha kitana juu ya nywele zikalala. Anayechanua huanza kwenye ncha, anakamata kifundo kimoja, anakilegeza kwa mafuta, anakiachanisha uzi kwa uzi, ndipo anapanda taratibu kuelekea kwenye shina. Nywele zilizoshikana zinaachana, kila moja inapata nafasi yake. Hapo ndipo Bibi angesema zimechanua, hata kama mimi nilikuwa natokwa na machozi na sina uzuri wowote wa kuonyesha mtu.

Niko tayari kusimama hapa na kubishana na yeyote: kiini cha neno hili ni kuachana kwa vitu vilivyokuwa vimegandamana. Uzuri huja baadaye, ukija.

Nilipokuwa darasani tuliwahi kufundishwa kwamba "chanua" ni "chana" na "ua" vimeungana, yaani ua linapojichana. Ni maelezo matamu, na ninawasikia watu wakiyarudia mpaka leo. Si kweli. Lijaribu kwa kauli ya kutendea: tunasema "nichanulie", kama tunavyosema "nifungulie" na "nizibulie". Ile "l" iliyojificha ndiyo inayotoa siri. Mkia wa "chanua" ni uleule wa fungua, fumbua, kunjua, tatua, pambanua, chambua. Ni ukoo wa vitenzi vinavyofungua kilichofungwa na kutenga kilichochanganyika. Ua la bustanini halimo humo, limekutana nalo njiani tu kwa sauti. (Neno "ua" lenyewe lina mengi yake. La maua, la nyua ambako Bibi alinisuka, na lile la kutoa roho ambalo halina uhusiano na hayo mawili. Wingi wake tu ndio unaokuokoa.)

Sasa mtazame mzazi wake, "chana". Nguo ikinasa kwenye msumari huchanika. Fundi huchana gogo akapata mbao. Mkungu wa ndizi hugawika kwa chane. Wasukaji wa mikeka hawaanzi kusuka. Kwanza ukindu hukaushwa, hutiwa rangi, halafu huchanwa kwa vidole au kwa ncha ya kisu mpaka upatikane ujani mwembamba unaolingana, ndipo ukili, ule utepe wa kusuka unaoshonwa kuwa mkeka, huanza. Nywele ni vivyo hivyo. Kichwa kisichochanuliwa hakisukiki, au kikisukwa kinauma na mistari inakwenda upande. Kuchana na kusuka ni kazi mbili zinazofuatana, na ya kwanza haina shangwe.

Kwa hiyo tukisema ua limechanua, tunachotaja ni kitendo cha petali. Zilikuwa zimekumbatiana ndani ya tumba, kama ngumi, sasa zimeachana. Mtazamaji na furaha yake hamo katika neno. Ndiyo maana mbuyu huchanua majani baada ya mvua wala hakuna anayempelekea mchumba majani ya mbuyu, na mpunga huchanua masuke ambayo ukiyatazama kwa macho ya mjini utadhani ni vumbi limeganda.

Kuna jambo moja la sarufi ambalo hunipa raha kila nikilifikiria. Vitenzi vya ukoo huu kwa kawaida vinadai kitu cha kutendwa. Ukifungua, unafungua mlango. Ukikunjua, unakunjua mkeka. Na Bibi alichanua nywele. Lakini ua huchanua, basi, nukta. Limechanua nini? Hakuna kitu kingine pale ila lenyewe. Kiswahili kingeweza kusema "limechanuka", kama mlango unavyofunguka, lakini tumezoea kulipa ua kitenzi cha mtendaji. Ndiyo maana nachukia nikisikia watu wazima wakimsema msichana wa miaka kumi na mitatu au kumi na minne kwamba "amechanua", huku wanamtazama kama kitu cha sokoni. Wamemnyang'anya msichana neno lake na kulikabidhi kwa macho yao.

Pemba ilinifundisha jambo jingine ambalo kijitabu kile kisingelikubali hata kidogo: kuchanua kunaweza kuwa hasara.

Karafuu ni tumba. Wengi wanaoitia kwenye pilau hawajui kwamba wanatafuna ua ambalo halikuruhusiwa kufunguka. Mkarafuu hutoa vishada vya matumba ya kijani, yanaanza kupata wekundu kama wa shavu, na hapo ndipo mchumaji hupanda. Akichelewa, tumba linafunguka, petali zinadondoka, na kile kichwa cha mviringo tunachokiona juu ya karafuu nzuri hakipo tena. Kimekwenda na upepo, na sehemu ya mafuta na thamani yake pia. Utotoni nilisikia wakubwa wakisema "zimeshachanua" kwa sauti ileile unayotangazia kwamba maziwa yamemwagika. Msimu ulipochanganya nyumba ilikuwa haina mtu mchana. Jioni watu wote wanakaa kuchambua, tumba huku makonyo, yaani vikonyo vyake, kule, taa ya chemli katikati, vidole vinanuka mpaka ukilala. Asubuhi huanikwa kwenye majamvi, na mtoto mmoja anaachwa kulinda mawingu. Wachumaji walilipwa kwa pishi, kipimo cha karafuu walizochuma. Nilikuwa mdogo lakini niliona kwamba mji wetu wote ulikuwa unashindana na neno moja, kuhakikisha halitokei.

Tena mashindano hayo ni ya miaka mingi. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba iliyonusurika zaidi ikawa ndiyo shamba kuu la karafuu mpaka leo. Vizazi kwa vizazi vya watu wanaopanda mti wenye maua na kuomba Mungu maua yasifunguke mapema.

Upande wa baba ni Tanga, na huko nilikuta maana nzito zaidi. Baba alifanya kazi kwenye shamba la mkonge. Mkonge ni mgeni wa nchi: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutoka miche hiyo ikaja Tanga yote ninayoijua, mistari ya kijani hadi upeo wa macho, reli, korona, ile mashine ya kuchakata majani ya mkonge, inayonguruma na kutapika maji ya kijani, singa nyeupe za mkonge zilizotundikwa juani kama nywele za wazee. Mwaka 1964 nchi ilizalisha kiasi cha tani 230,000, wingi ambao haujafikiwa tena.

Mkonge hukaa miaka saba, miaka kumi, hata kumi na miwili, ukitoa majani na kukatwa. Halafu siku moja katikati ya mmea hupanda nguzo. Sisi watoto tuliiita mlingoti. Hupanda kwa kasi ya kushangaza, mita tano, mita sita, inatoa matawi juu kama kinara, inachanua maua ya kijani na manjano. Na mmea ukishachanua hufa. Huchanua mara moja tu maishani. Kila akiba iliyokuwemo kwenye majani imekwenda kwenye ile nguzo. Kinachobaki ni miche midogo inayoota palepale kwenye matawi ya ua na kudondoka chini kuanza upya. Baba alikuwa akiona milingoti mingi shambani hakusema ni mizuri. Alisema shamba limezeeka.

Nikakumbuka vile kurasa 12 zilivyojaa "chanua, chanua". Ningetaka mwandishi wake asimame saa kumi na moja jioni kwenye shamba la mkonge lililozeeka, akatazame milingoti ile, kisha atuambie anamtakia kijana nini.

Si kwamba kila mahali ni msiba. Mkulima wa pareto wa Molo au wa Nyanda za Juu Kusini husubiri ua lifunguke sawasawa ndipo achume, kwa sababu sumu ya wadudu iliyomo humo huwa nyingi ua likiwa limekomaa wazi. Akichuma tumba amejinyima. Mkataji wa waridi wa Naivasha hufanya kinyume, hukata likiwa bado limefumba ili lifunguke baada ya kusafiri, ndani ya chupa ya mtu huko Uholanzi ambaye hatamjua. Na asmini za kikuba huchumwa zingali matumba na kufungwa pamoja na rehani na mkadi, ili zifunguke usiku kifuani kwa aliyezivaa. Huyo aliyebuni kikuba alilijua neno kuliko sote. Aliweka harufu mahali ambapo itachanua kwa wakati wake, yeye hayupo.

Kila mmoja wa hawa, ukimwambia "limechanua", atakuuliza lini. Atataka kujua kama ni mapema, kama ni saa yake, au kama mambo yameshapita. Kwenye mabango neno limepoteza saa. Limekuwa "kila siku, sasa hivi, milele".

Nimehamia Nairobi mwaka wa tisa sasa, na ni hapa, mahali ambapo ndugu zangu wa pwani wote wa Tanga na Pemba waliniambia nitakwenda kusahau Kiswahili, nilipolikuta neno la Bibi likiwa hai kuliko nilivyoliacha. Vijana wa mtaani wanasema "nichanue". Maana yake ni nieleze, nitoe gizani, nipe habari ambayo wenzangu wanayo mimi sina. "Alinichanua juu ya hiyo kazi." "Chanuka, hao ni matapeli." Aliyechanuka ni aliyefunguka macho, hadanganyiki tena. Mara ya kwanza nilisikia kwenye matatu, makanga akimwonya abiria aliyekuwa anasomewa nambari na mtu kwenye simu: "Mathe, chanuka, anataka kukuibia." Mama akakata simu.

Wapo walimu wanaoumia wakisikia Sheng, nami naheshimu kuumia kwao, kwa kuwa nimesahihisha insha za shule na nimeona yanayotokea. Lakini hapa vijana wamekwenda moja kwa moja kwenye shina. Mambo yamegandamana, ukweli na uongo umeshikana kama nywele za juma zima. Mtu anakuja, anakamata kifundo, anaachanisha. Kuchanua. Na aliyefanyiwa hivyo amechanuka, kama aliyezinduliwa alivyozinduka. Umbo lake halina kosa hata moja. Hakuna kamati iliyokaa kulitunga, na bado limefuata sheria za ukoo wake kuliko maneno mengi yanayotungwa kwa kamati.

Dar es Salaam nako mzazi wake anafanya kazi usiku na mchana. Wasanii huchana mistari. Rafiki akikueleza ukweli bila kuzunguka, amekuchana. Na ofisini mhasibu huombwa mchanuo wa matumizi, yaani ile hela iliyoonekana kuwa donge moja aitenganishe, nauli ngapi, chakula ngapi, posho ngapi. Huo mchanuo wa mhasibu na chanuo la Bibi ni kitu kimoja. Nimewahi kulisema hilo mbele ya watu kwenye semina moja, mhasibu mmoja mzee akatabasamu hadi mwisho wa kikao.

Kuna na haya mazoea ya miaka ya karibuni ya "apewe maua yake", yaani asifiwe angali hai. Tumeyaokota kwenye Kiingereza, na sina ugomvi nayo. Sisi tulikuwa na koja la maua shingoni mwa mgeni na kikuba kifuani kwa bibi harusi. Kumpa mtu maua angali hai si jambo la ajabu kwetu. Lakini yale ni maua ya kupewa na mtu. Kuchanua hakupewi.

Nitaambiwa lugha hukua, na kwamba "biashara imechanua" ni taswira ya siku nyingi. Ni kweli, nami sitaki kuifuta. Ninachodai ni kwamba tuna maneno mengine yanayolia njaa. Biashara hustawi, hushamiri. Mji huneemeka. Mtoto aliyepona homa hunawiri. Na hilo nalo lina ua ndani yake, kwa sababu Kiarabu lilikotoka hutumia mzizi uleule kwa mwanga na kwa maua ya mti, ndiyo maana linakaribiana na nuru. Mtu wa uso wa bashasha ni mkunjufu, yaani aliyekunjuka. Kila moja lina kazi yake. Ukiyaweka yote kando na kulitumikisha "chanua" mara 19 katika kurasa 12, unalichosha neno moja na kuyaua mengine kwa kutotumika.

Na zaidi ya hapo unamdanganya kijana. Mwambie achanue katika nini. Kitu gani kimemgandamana: deni, woga, cheti kilichozuiliwa shuleni kwa sababu ya karo, ushauri wa watu kumi wanaopingana? Nani atakaa naye kifundo kwa kifundo, na mafuta yako wapi? Kijitabu kile kilikuwa na picha 14 za vijana wanaocheka na hakikuwa na ukurasa mmoja unaoeleza jinsi ya kusajili biashara, au jinsi ya kusoma mkataba kabla ya kutia sahihi. Ningekuwa mimi, ningeyaondoa yale "chanua" 18, nikaliacha moja, mbele ya ukurasa huo.

Bibi ametutoka. Chanuo lake liko kwangu, meno mawili yamevunjika upande mmoja. Kaka yangu ana binti wa miaka 16, amezaliwa hapahapa Nairobi, anakuja kwangu Jumamosi kwa sababu anasema saluni wanamvuta. Juzi alikaa chini kati ya magoti yangu, nikafumua, nikatia mafuta, nikaanza kwenye ncha. Alikaa kimya muda mrefu kuliko kawaida yake. Kuna fomu za kuchagua masomo amepewa, na baba yake ana lake, walimu wana lao, na kuna rafiki mmoja ambaye jina lake hulitaja kupita kiasi. Nikafika kwenye kifundo kigumu nyuma ya sikio.

"Shangazi," akasema, bila kugeuza kichwa, "hebu nichanue."

Sikujua anataka lipi kati ya mawili, nikaendelea na chanuo na nikaanza kumweleza.